Vibao Vyetu vya Njiani

Wazee wetu walisema, "Mjumbe hauawi." Maana yake yajulikana na kila mtu: aliyetumwa hana neno lake mwenyewe, huchukua neno la aliyemtuma, basi haifai kumpiga kwa habari asiyoitunga. Lakini wazee hao hao walikuwa na desturi nyingine, ambayo hawakuitia katika methali kwa kuwa hapana aliyehitaji kuambiwa. Mjumbe akiisha kutoa habari yake na kunywa maji, huaga akarudi kwao. Hakai katika baraza ya watu mwaka mzima. Leo twataka kuwaandikia wasomaji habari za wajumbe wetu wa mbao, yaani vibao tuwekavyo njiani kuwaalika watu kwenye minada, mikutano na sikukuu zetu, na jinsi tulivyojifunza kwa aibu haki zao na wajibu wao.

Kazi yetu ni ualimu. Tulifundishwa katika chuo cha misheni, na huu ni mwaka wa 9 tangu tuletwe katika shule ya kijiji hiki, kilicho kando ya barabara kuu iendayo wilayani. Miaka michache iliyopita darasa la tatu halikuwa na madawati ya kutosha. Watoto watano walibanana penye nafasi ya watatu, na wengine waliandikia magotini. Kamati ya shule na wazee wa usharika wakapatana kufanya mnada baada ya mavuno. Kila nyumba ilete ilichojaliwa, kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi au mkeka, na fedha itakayopatikana inunue mbao. Sisi tukapewa kazi ya matangazo. Tukavunja masanduku ya zamani, tukakata vibao 7, tukavipaka chokaa, na juu yake tukaandika kwa rangi nyeusi siku, saa na mahali. Mwandiko wetu si mbaya, na watu waliopita walisimama kusoma.

Siku ya mnada watu walikuja hata kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto. Jogoo mmoja aliuzwa mara nne, kwa maana kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Tukapata madawati 18, nasi tukasifiwa sana kwa vile vibao. Kisha tukarudi darasani, kazi ikaendelea, na habari ya vibao hatukuikumbuka tena.

Mwaka wa pili tukatengeneza vibao vingine 7, tukaviweka kama kwanza. Siku 3 kabla ya mnada, tulipokuwa tukienda shuleni asubuhi, tuliona pale njia panda mti umebaki peke yake na kibao hakipo. Tukaenda kisimani, hakipo. Tukaenda sokoni, hakipo. Mtoto mmoja akatuambia, "Shikamoo, Mwalimu. Vimechukuliwa jana jioni na gari la halmashauri." Tukashikwa na hasira kubwa. Kwani pale pale njia panda lilisimama bango la kampuni ya simu, kubwa kama ukuta wa nyumba, na juu ya mwembe zilibaki picha za wagombea wa uchaguzi uliokwisha kupita, nusu zimeliwa na mvua, wala hapana aliyezigusa. Tukasema moyoni, Tazama, mwenye fedha ameachwa, na mwenye cheo ameachwa, bali madawati ya watoto yametupwa garini. Usiku ule tukaandika barua kali, kurasa 3.

Kulipokucha tukaenda wenyewe ofisi ya kata, barua mkononi. Mtendaji ni kijana, mdogo wetu kwa umri. Alituamkia kwa heshima, akatupa kiti, akaisoma barua yote bila kutukatiza. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekuelewa. Naomba na mimi nikueleze." Akatueleza mambo 2. La kwanza, barabara ile si mali ya kijiji. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu yafika mita 30 kila upande, kupima kutoka katikati, na ndani ya mita hizo mtu hasimamishi kitu bila ruhusa. La pili, halmashauri yetu ina sheria ndogo za matangazo, na kwa sheria hizo kila tangazo lataka kibali na ada. Bango la kampuni ya simu lilikuwa limelipiwa, vibao vyetu havikulipiwa.

Tukamwuliza, "Na picha za wagombea, Bwana Mtendaji?"

Akanyamaza kidogo. "Hizo, Mwalimu, sikuagizwa kuzigusa."

Hapo tukaona tumemshinda, tukataka kuinuka. Lakini yeye alikuwa hajamaliza. Akaenda pembeni mwa chumba, palipolundikwa vibao vyetu, akatoa kimoja kilicho cha zamani, chokaa yake imebanduka na mti wake umeliwa na mchwa, akakiweka mezani. Akauliza, "Na hiki ni cha nani?" Tukakitazama. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini mkono uliyoyaandika tuliujua, maana ulikuwa mkono wetu. Kilikuwa kibao cha mnada wa mwaka uliopita. Akasema, "Nimekitoa penye kona ya daraja. Majani yalikuwa yamekizunguka hata hakisomeki."

Wasomaji hawaijui kona ya daraja, lakini sisi tuliijua mno. Mwezi wa 4 wa mwaka ule mtoto mmoja wa darasa la tatu, mmoja wa wale waliokalia madawati mapya, aligongwa pale na pikipiki, akavunjika mkono wa kuume. Mfupa uliunga vibaya, na hata leo huandika kwa mkono wa kushoto. Kijana aliyemgonga, mwenye kuchukua abiria kwa bodaboda, alisema tangu siku ya kwanza kwamba hakumwona mtoto, kwa kuwa alitokea nyuma ya kibao na majani. Nasi ndio tuliosimama mbele ya wazee tukasema kwamba vijana hawa hawakosi udhuru, na kwamba hapana kibao kiwezacho kumficha mtoto. Watu husadiki neno la mwalimu. Wazee wakamtoza kijana gharama zote za hospitali, akauza mbuzi wake 2.

Tukaichukua barua yetu mezani, tukaikunja, tukaitia mfukoni. Mtendaji hakutuongezea neno, nasi twamshukuru kwa hilo.

Njia ya kurudi hupita kijiweni kwa bodaboda. Tumewahi kusimama mbele ya wakaguzi wengi, lakini hatukuona vigumu kama siku ile. Tulimwita yule kijana kando, tukamwambia, "Mdogo wetu, kile kibao kilikuwapo, nacho kilikuwa chetu. Wewe ulisema kweli, sisi tukakuita mwongo." Akatazama chini kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, na mimi nilikwenda mbio." Hakusema zaidi, maana abiria alikuwa akimngoja. Jumapili ile tuliwaeleza wazee yote, na mwisho wa mwezi tukaanza kulipa bei ya mbuzi.

Baada ya hayo pengine msomaji atasema, Basi halmashauri ilikuwa na haki, na neno limekwisha. Sisi hatuoni hivyo. Kibao kilichoachwa kwenye kona ni kosa, na kosa hilo ni letu. Lakini picha za wagombea zilizobaki mwembeni, na ada ya mfanyabiashara inayotozwa watoto wanaotafuta madawati, ni maneno mengine, wala kosa letu halikuyafuta. Jambo hili lilitusumbua, tukamwandikia rafiki tuliyesoma naye chuoni, ambaye baadaye aliacha ualimu akasomea sheria. Alitujibu kwa barua ndefu, na ndani yake alitupa habari ya mji uitwao Gilbert, katika jimbo la Arizona, Marekani. Twaifupisha hapa kwa faida ya wote.

Katika mji huo palikuwa na kanisa dogo liitwalo Good News Community Church, na mchungaji wake Clyde Reed. Kanisa hilo halikuwa na jengo lake. Waumini walikutana katika shule na mahali pengine walipopata nafasi, basi bila kibao mgeni hakuweza kujua Jumapili hii ibada i wapi. Kila Jumamosi asubuhi na mapema waliweka vibao 15 au 20 mjini, vyenye jina la kanisa, saa, na mahali, na Jumapili kama adhuhuri waliviondoa. Tulipofika kwenye neno hilo la kuviondoa, tuliiweka barua chini kwa muda kabla ya kuendelea.

Lakini sheria ya mji iligawa vibao kwa maneno yaliyoandikwa juu yake. Kibao cha mtu aliyetaka kutangaza mawazo yake kiliruhusiwa kufika futi za mraba 20, wala hakikuwekewa mwisho wa siku. Kibao cha siasa kiliruhusiwa futi za mraba 16 penye makazi ya watu, na 32 mahali pengine, nacho kilikaa tangu siku 60 kabla ya uchaguzi wa mchujo hata siku 15 baada ya uchaguzi mkuu. Bali kibao cha kuwaelekeza watu kwenye mkutano, kama vile ibada, kisizidi futi za mraba 6, visizidi 4 katika kiwanja kimoja, kisiwekwe mapema kuliko saa 12 kabla ya mkutano, na kiondolewe kabla ya kupita saa 1 baada yake. Maana yake, ibada ikiwa ya saa 3 asubuhi, kibao kiwekwe usiku saa 3, gizani. Kanisa likaandikiwa makosa mara 2, kwa kuvuka muda, na mara ya pili kwa kutotaja tarehe pia. Na kibao kimoja kikachukuliwa na maofisa wa mji, kama vyetu vilivyochukuliwa.

Wakaenda mahakamani. Wakashindwa katika mahakama ya kwanza, wakashindwa na katika mahakama ya rufani, hata tarehe 18 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikawapa haki, majaji wote 9 wakiwa upande wao. Hukumu iliandikwa na Jaji Clarence Thomas. Mji ulijitetea kwamba wataka uzuri wa mitaa na usalama wa barabara. Mahakama ikajibu kwamba kibao cha kuonyesha njia hakiharibu uzuri kuliko kibao cha siasa, wala hakimtii hatarini mwenye kuendesha gari kuliko kibao cha mawazo makali. Sheria inayomtaka ofisa asome kwanza kibao chasema nini, ndipo ajue kikae muda gani, haina budi kupewa sababu kubwa sana, na mji haukuwa nayo. Ila majaji hawakuwaachia watu kufanya wapendavyo. Walisema mji waweza kuweka kanuni za ukubwa wa vibao, na vifaa vyake, na taa zake. Na katika ardhi ya umma waweza hata kukataza karibu vyote, mradi ukataze kwa usawa bila kupendelea neno la mtu. Majaji 3 kati yao, akiwamo Elena Kagan, walikubali kwamba kanisa lishinde, lakini waliogopa kwamba kwa hoja hiyo kanuni nyingi nzuri za miji zingeangushwa. Basi hata wenye elimu kubwa ya sheria huona jambo hili lina pande mbili.

Rafiki yetu akaongeza mfano wa Uingereza, ambako kanuni za mwaka 2007 zaruhusu kibao cha shughuli ya watu bila kuomba kibali cha halmashauri, ikiwa si shughuli ya biashara. Ikiwa ni ya dini, au elimu, au utamaduni, au siasa, au mchezo, zote zatiwa katika kapu moja. Kisizidi mita za mraba 0.6, kisiwekwe mapema kuliko siku 28 kabla ya shughuli, na kiondolewe katika siku 14 baada yake. Mwenye kiwanja aridhie, na kisizibe alama za barabarani.

Tulifurahi sana kwa barua hii. Tukaona sasa tumepata silaha, tukaichukua kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tukaisoma yote mbele ya watu. Kisha tukatoa shauri letu: kijiji kimwombe Diwani aipelekee halmashauri ombi kwamba vibao vya kanisa na vya shule visitozwe ada. Watu wa usharika wakapiga makofi.

Mzee mmoja, jirani yetu, ambaye husali msikitini, akaomba nafasi. Akasema, "Mwalimu, barua yako ni njema. Nakuomba uisome tena pale penye majaji." Tukaisoma. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa nijulishe. Kibao chetu cha Maulidi kitatozwa, au hakitatozwa?"

Hatukuwa na jibu. Mama mmoja akauliza habari ya kibao cha chama cha kuzikana, na vijana wakauliza habari ya timu ya mpira. Ndipo tukafahamu kwamba tumesoma barua ile kwa jicho moja. Kanisa la Gilbert halikupewa haki kwa kuwa ni kanisa. Lilipewa kwa kuwa kibao hakifai kupimwa kwa neno lililoandikwa. Nasi tulikuwa tumesimama mbele ya kijiji kizima kuomba kosa lile lile la mji wa Gilbert, ila lituelekee kwa wema. Tukamshukuru mzee, tukalifuta shauri letu, tukaandika lingine pamoja.

Shauri hilo ndilo hili. Kila kibao cha shughuli ya watu isiyo ya biashara, maneno yake yawe yoyote, kisizidi urefu wa mita 1 na upana wa nusu mita. Kisiwekwe kabla ya siku 14, na kiondolewe kabla ya jua kuchwa siku ya pili baada ya shughuli. Kisiwekwe penye kona, wala darajani, wala ndani ya hifadhi ya barabara. Bali shambani au ukutani kwa mtu aliyeridhia. Kisipigiliwe misumari katika mti ulio hai. Na katika daftari la kijiji yaandikwe majina 2, la mwenye kukiweka na la mwenye kukiondoa. Picha za wagombea nazo zifuate kanuni hiyo hiyo uchaguzi ukiisha. Kwa vibao vya namna hii tumeomba ada isitozwe, kwa maana havina faida ya mtu mmoja.

Shauri limepelekwa kwa Diwani. Halmashauri za wilaya zina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa Sheria ya mwaka 1982, na sheria hizo hutaka kibali cha Waziri kabla ya kuwa na nguvu. Kwa hiyo twajua kwamba jambo halitakwisha kwa siku moja, na hadi leo jibu halijaja. Mpaka litakapokuja, twaomba kibali na kulipa ada kama sheria inavyosema, na yaliyobaki kijiji kimeyaanza chenyewe, kwa kuwa kuondoa kibao chako hakuhitaji kibali cha mtu.

Wasomaji wapenzi, twajua kwamba wengi wenu mna mikutano ya kwaya, na michango ya zahanati, na sikukuu za shule, nanyi huweka vibao kama sisi. Sheria ya vibao ikiwaonea, semeni. Nendeni ofisini kwa adabu, someni sheria yenyewe, na ombeni kwa ajili ya jirani kama mnavyojiombea. Lakini kabla ya kuiandika barua kali, zungukeni kwanza njia zote mlizoweka vibao mwaka jana, mkatazame kilichobaki. Sisi hatukuzunguka, na mtoto mmoja huandika kwa mkono wa kushoto.

Mwaka huu mnada ulifanyika tena. Katika daftari, mahali pa mwenye kuondoa, palikuwa wazi siku nyingi, hata yule kijana wa bodaboda akaja mwenyewe akaandika jina lake. Siku ya pili, kabla ya magharibi, alifika shuleni na vibao vimefungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba. Tukavishusha pamoja, tukavihesabu. Vilikuwa 7.